Shule Mpya, Majirani wa Zamani

Elgon View, kusini mwa jiji la Eldoret, ni mtaa wa ploti pana na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia. Kadiri Eldoret ilivyokua hadi kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024, baadhi ya nyumba hizo ziligeuka kuwa shule, kliniki, mikahawa na afisi. Barabara zilibaki zilezile.

Badiliko la namna hii linasimamiwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi iwe shule au hoteli huomba kibali cha kaunti, na majirani hupewa nafasi ya kutoa pingamizi. Hapo ndipo masilahi ya pande zote yanapopimika kwa urahisi, kwa sababu ramani bado ni karatasi: geti linaweza kuhamishiwa barabara ya kando, na sehemu ya magari kugeuzia ikatengwa ndani ya ua. Ukuta ukishasimama, kinachobaki ni kubembelezana.

Shule hupewa ulinzi mkubwa zaidi dhidi ya pombe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya wengi huiita sheria ya Mututho, inataka baa mpya iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka taasisi yoyote ya masomo ya walio chini ya miaka 18. Chuo cha watu wazima hakimo katika kipimo hicho. Ugumu huanza shule inapokuja baada ya baa. Leseni ya pombe hudumu mwaka mmoja tu, kwa hiyo wazazi wanaweza kupinga isihuishwe. Lakini mwenye baa aliyefungua kihalali, akaajiri watu na kulipa ushuru, naye ana hoja nzito, na kaunti inayotoa leseni hiyo pamoja na kibali cha kugeuza nyumba kuwa shule haifai kujifanya haikuona. Ikumbukwe pia kwamba shule ya kibinafsi ni biashara. Huzungumza kama mlezi inapopinga baa, na kama mwekezaji inapotafuta kibali chake yenyewe.

Saa za kazi hupunguza mgogoro kuliko mita. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaiweka shule ya kutwa kati ya saa moja na robo asubuhi na saa kumi na moja jioni. Baa, siku za wiki, huruhusiwa kufungua saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Mmoja akifunga, mwingine anafungua. Shule ya bweni haina bahati hiyo: wanafunzi wanatakiwa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku, na muziki bado una saa moja na nusu mbele yake. Kwa hali kama hiyo zipo kanuni za kelele za 2009, ambazo katika maeneo yanayochanganya makazi na biashara zinaruhusu desibeli 55 mchana na 35 baada ya saa mbili usiku. Kanuni hizo zinaibana shule vilevile. Vipaza sauti vya siku ya michezo humfikia mgonjwa wa kliniki ya jirani bila kubisha hodi.

Sheria haina mengi ya kusema kuhusu msongamano wa asubuhi, ingawa pengine huo ndio unaowaumiza wafanyabiashara zaidi. Magari ya wazazi, mabasi ya shule na bodaboda hukutana getini kwa muda usiofika saa moja, na duka lililo mkabala hukosa hata pa kushushia mkate. Dawa yake ni makubaliano ya kawaida: watoto wa chekechea waachiliwe mapema kuliko wakubwa, wazazi washushe watoto ndani ya ua, na malori ya mizigo yafike shule ikishaingia darasani.

Yapo pia masilahi ya upande wa pili. Vibanda vya vitafunio na maduka ya vitabu hutegemea kalenda ya shule, na mauzo hushuka Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Shule inapofungua kantini yake, au kuwaelekeza wazazi kwenye duka moja la sare, jambo ambalo Wizara ya Elimu imewahi kulikemea, huwanyima majirani riziki ambayo kwa ajili yake walivumilia foleni.

Mazungumzo yakishindikana kuhusu kibali, asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, nayo ina siku 14 za kuamua. Baada ya hapo shauri huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Eldoret.