Jina la Gama katika Ungoni

Katika Mshangano, mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea, mtu akiitwa Gama hapana aulizaye jina hilo limetoka wapi. Pwani jina hilo ni nadra, na alisikiaye mara humkumbuka Vasco da Gama, Mreno aliyefika Malindi mwaka 1498. Wanafunzi wangu wameniuliza zaidi ya mara moja kama akina Gama wa Songea walilipata jina lao kwa Wareno wa Msumbiji. Sivyo, na yafaa kueleza sababu.

Kwanza tuyatenge yafananayo kwa sauti tu. Katika Kireno, gama ni mnyama jike wa jamii ya ayala. Katika Bara Hindi, Gama lilikuwa jina la ulingoni la mpiga mieleka mashuhuri, Ghulam Mohammad Baksh Butt (1878–1960). Katika Kizulu, igama, wingi wake amagama, maana yake ni "jina" lenyewe. Mfano huu wa mwisho hushawishi zaidi, kwa kuwa Kizulu ni ndugu wa lugha ya wakuu wa Wangoni wa kwanza. Lakini mfanano wa sauti peke yake si hoja.

Hoja ni njia ambayo jina lilipitia. Gama ni jina la ukoo miongoni mwa Waswazi na Wazulu hata leo. Wafuasi wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835. Naye alipokwisha kufa huko Ufipa, Zulu Gama na Mbonani Tawete waliwaongoza watu wao hata nchi ya Songea. Msomaji aangalie ya kuwa hapa Zulu ni jina la mtu, wala si la kabila. Ukoo wa Gama ukatawala Njelu, na ukoo wa Tawete ukatawala Mshope.

Tena kuna tatizo la maandishi. Nkosi wa Njelu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, katika Vita vya Majimaji, huandikwa pengine Mputa Gama, na pengine, kwa desturi ya pwani, Mputa bin Gwezerapasi. Neno "bin" humtaja baba na kuuficha ukoo, hata asiyejua huhesabu watu wawili palipo na mmoja.

Askofu Cassian Spiss, katika kazi yake ya mwaka 1904, alitenga Kingoni na Kisutu, lugha ya watu waliotawaliwa. Kingoni cha leo kimejengwa zaidi juu ya lugha za hao waliotawaliwa. Usemi uliotoka kusini umekwisha vinywani. Majina ya koo ni katika machache yaliyosalia. Basi tukimpa Mreno jina la Gama, twafuta ushahidi ambao hatutaupata tena kwa wasemaji. Mchunguzi na aulize kwanza ukoo, kisha njia, kisha ni nani aliyeandika. Sauti ije mwisho.