BARAFU INAYOTUNZA HEWA YA KALE

Katika mkutano mmoja wa wakulima, mzee mmoja alisimama akaniuliza swali. Alisema, "Bwana shamba, unatuambia hali ya hewa ya dunia imebadilika. Lakini tangu zamani iko miaka ya mvua, na iko miaka ya njaa. Nani alikuwako miaka elfu iliyopita akapima, hata leo tujue kwamba mambo ni tofauti?"

Swali hilo ni zuri. Mkulima asikubali jambo kwa sababu tu limesemwa na mtaalamu. Ni haki yake kuuliza limejulikanaje. Siku ile nilimjibu mzee kwa kifupi. Leo nataka kueleza zaidi, ili na wengine wasome.

Ni kweli, hakuna mtu aliyekuwako akapima. Lakini iko barafu iliyokuwako. Barafu hiyo imetunza hewa ya kale mpaka leo. Mmoja wa watu walioitafuta hewa hiyo ni mwanasayansi wa Ufaransa, jina lake Claude Lorius.

Kijana aliyekwenda kwenye baridi

Lorius alizaliwa mwaka 1932. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliona tangazo. Walitafutwa vijana wa kwenda kufanya utafiti katika bara la Antaktika. Bara hilo liko kwenye ncha ya kusini ya dunia. Ukubwa wake ni karibu mara 15 ya Tanzania. Hakuna mashamba wala vijiji. Karibu nchi yote imefunikwa na barafu, na mahali pengi unene wake unazidi kilomita 2.

Lorius alikubali kwenda. Mwaka 1957 alikaa huko na wenzake wawili katika kibanda kidogo kilichofunikwa na theluji. Walikaa miezi mingi, watatu peke yao, wakipima baridi, upepo na theluji. Baada ya safari hiyo hakuiacha kazi ya barafu. Alirudi Antaktika mara nyingi.

Barafu inavyotunza hewa

Huko theluji ikianguka haiyeyuki. Ya mwaka huu inalala juu ya ile ya mwaka jana. Ya mwaka ujao italala juu ya hii. Hivyo inajipanga tabaka juu ya tabaka, kama magunia ghalani. Gunia la chini ndilo la kwanza kuingia.

Theluji mpya ina nafasi nyingi zenye hewa ndani yake. Tabaka za juu zinapoigandamiza, theluji inakuwa barafu ngumu. Hewa iliyokuwa ndani haiwezi kutoka tena. Inabaki imefungwa katika viputo, yaani mapovu madogo sana.

Mwaka 1965 Lorius na wenzake walikuwa wakitoboa barafu huko Antaktika. Jioni moja, baada ya kazi, walitia vipande vya barafu ya kale katika glasi zao za wiski. Barafu ilipoyeyuka, Lorius aliona viputo vikipasuka na hewa ikitoka. Ndipo alipowaza: hewa hii ni ya siku zile theluji hii ilipoanguka. Tukiweza kuipima, tutajua hewa ya dunia ilikuwaje zamani.

Wazo lilikuwa jepesi, lakini kazi ilikuwa ngumu. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kupata jibu.

Kuchimba Vostok

Ili kupata barafu ya kale sana, lazima kuchimba chini sana. Wataalamu wa Muungano wa Kisovieti walikuwa wakichimba mahali panapoitwa Vostok, katikati ya Antaktika. Vostok ni mahali pa baridi ya kutisha. Maji huganda kwenye nyuzi sifuri za Sentigredi. Tarehe 21 Julai 1983, hapo Vostok, kipimo kilishuka mpaka nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Chombo chao cha kuchimbia kina uwazi katikati. Kinaposhuka, barafu inaingia katika uwazi huo. Ikitolewa, ni kipande kirefu cha mviringo, kama pingili ya mua. Pingili baada ya pingili, walifika zaidi ya mita 2,000 kwenda chini.

Mwaka 1984 Lorius alikwenda Vostok. Wakati huo Marekani na Muungano wa Kisovieti walikuwa mahasimu wakubwa. Hata hivyo, ndege ya Wamarekani iliwapeleka Wafaransa kwenye kambi ya Warusi. Barafu ililetwa Ufaransa ikapimwa. Mataifa yaliyogombana katika siasa yalisaidiana katika kazi hii.

Waliyoyakuta

Walipima mambo mawili. Kwanza walipima maji ya barafu yenyewe, ili kujua joto la zamani. Si maji yote yenye uzito sawa. Yako machache yaliyo mazito kidogo kuliko mengine. Mvuke ukienda mahali pa baridi, maji mazito hutangulia kuanguka njiani. Kwa hiyo, theluji ya miaka ya baridi kali ina maji mazito machache zaidi.

Pili walipima hewa ya ukaa iliyomo katika viputo. Hewa ya ukaa ni ile tunayoitoa tunapopumua. Pia hutoka tunapochoma kuni, makaa ya mawe au mafuta. Kazi yake ni kama ya blanketi. Mwanga wa jua unapita, lakini joto linalotoka ardhini linazuiwa lisiondoke lote.

Majibu yalitangazwa mwaka 1987. Yalihusu miaka 160,000. Dunia ilipokuwa baridi, hewa ya ukaa ilikuwa kidogo. Dunia ilipokuwa na joto, hewa hiyo ilikuwa nyingi. Vyote viwili vilipanda na kushuka pamoja. Baadaye wataalamu wa nchi za Ulaya walichimba mahali pengine pa Antaktika, wakapata barafu ya miaka 800,000. Jibu lilikuwa lile lile.

Tuchukue mfano wa mahindi. Magunia matatu ya mahindi yana punje karibu milioni moja. Tuseme hizo ndizo hewa yote. Wakati wa baridi kuu, punje 180 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Wakati wa joto zilifika 280 hivi. Katika miaka hiyo yote 800,000, hazikupata kuzidi 300 au zaidi kidogo tu. Leo zimepita 420.

Labda utasema punje hizo ni chache. Lakini mfugaji anajua kwamba dawa kidogo katika maji mengi ya josho huua kupe. Kidogo kinaweza kuwa na nguvu.

Jibu la mzee

Basi mzee alisema kweli. Hali ya hewa ilibadilika hata zamani. Mabadiliko hayo ya kale yalianza dunia ilipobadili kidogo jinsi inavyolizunguka jua. Kisha hewa ya ukaa ikazidisha joto. Lakini nyongeza ya leo imetokana na kazi za watu, na imekuja upesi mno. Sehemu kubwa inatokana na makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa na nchi za viwanda. Mkulima wa jembe la mkono hakuiharibu hewa ya dunia. Asibebeshwe mzigo usio wake. Kutunza miti ni wajibu wetu kwa sababu inashika udongo na maji yetu.

Hata hivyo, hasara inatufikia. Barafu ya nchi kavu ikiyeyuka, maji yake yanaingia baharini, na bahari ya dunia ni moja. Maji ya bahari pia hutanuka yakipata joto. Kati ya mwaka 1901 na 2018, bahari ilipanda wastani wa sentimita 20, karibu shubiri moja. Mwenye shamba la mpunga karibu na pwani anajua maji ya chumvi yakiingia yanafanya nini.

Barafu ya Antaktika haiwezi kutuambia mvua ya kijiji chetu ilikuwaje. Hiyo ni kazi yetu wenyewe. Weka kipimo cha mvua mahali pa wazi. Kila asubuhi andika katika daftari tarehe na kiasi cha mvua. Andika ulipanda lini na ulivuna magunia mangapi. Baada ya miaka 10 hutabishana na jirani kwa kukumbuka tu. Utafungua daftari.

Claude Lorius alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 91. Barafu haikusoma shule, lakini ilitunza kumbukumbu za miaka mingi. Sisi tunajua kusoma na kuandika. Tutunze na sisi.