Kabla ya Kuchimba Kisima Pwani, Pima Mwamba Kwanza

Kijana mmoja wa Kilifi aliniita nikaone nyanya zake. Majani yalikuwa yanaungua pembeni. Nikaonja maji ya kisima chake kipya: chumvi tupu! Mchimbaji alikuta maji mapema, akaendelea kushuka akidhani chini ndiko kwenye maji mengi. Pesa ya mkopo ikazama humo.

Vijana wangu, pwani haiko hivyo. Karibu na bahari, kuanzia Kilifi hadi Kwale, mashamba mengi yamekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa matundu na nyufa. Mvua inazama upesi, na bahari nayo inapenya chini kwa chini. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo yanaelea juu ya yale ya chumvi. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na mita 40 hivi chini ya usawa huo. Sasa ukivuta mpaka maji yashuke nusu mita tu, chumvi inaweza kupanda hadi mita 20.

Ndiyo maana tunapima. Mtaalamu anachomeka vyuma vinne kwenye mstari mmoja: viwili vya nje vinapitisha umeme, viwili vya ndani vinapima volti. Akivitanua, kipimo kinafika chini zaidi. Mwamba mkavu unazuia umeme sana, wenye maji matamu unazuia kiasi, na penye chumvi umeme unapita bila shida. Hapo ndipo pa kusimamia.

Lakini angalieni: mfinyanzi nao unapitisha umeme vizuri. Mtaalamu makini atalinganisha vipimo vyake na visima vya majirani.

Fanya hivi:

- Usiulize tu "maji yapo?" Uliza, "mwisho wa kuchimba ni mita ngapi?" Jibu liwe ndani ya ripoti. Ripoti hiyo utaihitaji pia kuomba kibali cha WRA.
- Pima EC ya maji. Chini ya 0.7 dS/m, mimea mingi haina shida. Ikizidi 3, ni hatari, na maharagwe yataumia mapema zaidi.
- Vuta polepole, ujaze tangi. Pampu kubwa inaita chumvi.

Yule kijana nimemshauri amwite mtaalamu apime, ndipo waamue kama sehemu ya chini ya kisima izibwe kwa saruji. Wewe niulize kabla mashine haijafika shambani.