Kobla ya Maembe na Unga wa Mashineni: Pesa Iende Wapi?

Kuanzia Desemba hadi Februari, maembe yakishajaa masokoni pwani ya Tanzania na bei ikashuka, kobla huwa pishi la gharama nafuu kuliko keki. Asili yake ni Marekani, na wapishi wa majimbo ya kusini wanasifika kwa kulipika kwa mapichi ya kiangazi. Matunda yaliyokatwa na kutiwa sukari hutangulia chini ya chombo, kinyunya kilaini hudondoshwa juu yake kwa kijiko, kisha vyote huokwa mpaka maji ya matunda yachemke pembeni na uso uive hudhurungi. Hakuna hamira ya kusubiri iumuke, hakuna kusukuma, hakuna mayai ya kupiga. Kwa hiyo swali linaloulizwa sana na wanaoanza kuoka nyumbani ni la unga: ninunue wa paketi dukani, au nipeleke ngano mashineni nikasagiwe?

Nianze na hesabu, kwa kuwa wengi huamini unga wa mashineni unaokoa pesa. Bei nitakazotaja ni za Dar es Salaam, zile ninazokutana nazo mimi. Wewe weka za kwenu. Paketi ya kilo moja ya unga mweupe ni kama shilingi 2,200. Kilo ya ngano nzima sokoni nayo iko hapohapo, 2,200, na kusaga ni 200. Tayari unga wako umefika 2,400. Ukiuchekecha kutoa pumba kubwa, utabaki na gramu 850 hivi katika kila kilo, na bei halisi ya kilo ya unga uliochekechwa itapanda kufika 2,800. Sababu ni kwamba ngano nyingi inayosagwa Tanzania inatoka nje ya nchi, na viwanda huinunua kwa shehena za meli. Mimi na wewe tunanunua kwa kisado, na mwenye kisado hana bei ya jumla.

Sasa tazama kobla yenyewe. Ya kulisha watu sita hadi wanane inahitaji gramu 200 za unga, basi. Kwa unga wa paketi hiyo ni shilingi 440. Kwa wa mashineni uliochekechwa, 560. Tofauti ni shilingi 120, wakati pishi zima litakugharimu zaidi ya 7,000. Anayekwenda mashineni kwa ajili ya kubana matumizi anabana mahali pasipo na kitu. Anayekwenda kwa ajili ya ladha anapata kitu kikubwa kwa nyongeza ndogo mno, na hapo ndipo ninaposimama mimi: katika kobla, lipia unga mzuri, kisha punguza gharama kwenye matunda.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Pumba za nje ni kama asilimia 14 ya uzito wake, kiini chenye mafuta asilimia 2 hadi 3, na kilichobaki ni wanga mweupe. Kiwanda cha unga mweupe huondoa pumba na kiini, kikabakiza kama robo tatu ya punje. Hakifanyi hivyo kwa hila. Mafuta ya kiini huchacha, na unga ulioachiwa kiini chake hauwezi kukaa miezi kwenye rafu ya duka. Lakini harufu ya ngano iko hukohuko kwenye kiini na pumba. Unga uliosagwa jana una utamu wa karanga mbichi ambao paketi haina, na ukikutana na embe lililoiva na iliki kidogo, kinyunya kinakuwa na ladha yake chenyewe badala ya kuwa kifuniko tu cha matunda.

Zaidi ya hayo, kobla haiadhibu unga mzito. Mkate wa kuumuka hutegemea nguvu ya kinyunya kuvutika, na pumba huikatakata nguvu hiyo. Hapa hatutaki kivutike kabisa, tunataka kimumunyuke. Ngano ya sokoni kwetu haiuzwi kwa kutofautishwa kama ni ngumu au laini, hivyo mimi hubadilisha robo ya unga kwa unga wa mchele, uleule wa vitumbua. Gramu 150 za ngano, 50 za mchele. Kinyunya kinatoka kilaini hata kama ngano ilikuwa ngumu.

Kwenye kununua ngano, angalia unachopewa. Ngano inayouzwa kwa ajili ya boko boko mara nyingi imeshakobolewa. Inang'aa, ni nyeupe, na ukiisaga utapata unga mweupe wa bei ghali. Mwambie muuzaji unataka yenye ganda, rangi ya kahawia, inayonunuliwa na watu wa uji wa lishe. Chukua punje chache ung'ate: ngano kavu inavunjika kwa mlio, yenye unyevu inabonyea chini ya jino. Hiyo ya pili iache, kwa sababu itaziba chujio la mashine na unga wake utavunda. Nyumbani ipete, chagua mawe, na kama ni lazima uioshe, ianike juani mpaka ikauke kabisa kabla ya kuipeleka.

Mashineni kwenyewe kuna mambo mawili ya kusimamia, na yote yanahitaji kusema kwa adabu mapema kabla mashine haijawashwa. La kwanza ni mabaki. Mashine za mtaani ni za mahindi, na tumbo lake halikosi unga wa mteja aliyetangulia. Omba usagiwe ukianza na mikono miwili ya ngano, unga huo wa kwanza uukinge pembeni kwa ajili ya uji, halafu ndipo kilo zako zimiminwe. La pili ni chujio. Lililofungwa kwa ajili ya dona lina matundu makubwa, na ngano itatoka chengachenga. Kijana wa mashine akikwambia, “Mama, subiri hawa wa dona waishe nibadilishe,” subiri; chujio dogo ndilo linalotofautisha kobla na mkate wa kukwaruza koo. Unga hutoka wa moto. Usiufunge kwenye mfuko ukiwa hivyo, kwa sababu mvuke utageuka maji ndani. Ukifika nyumbani umwage kwenye sinia, utandaze, upoe ndipo uufunge.

Tatizo la mashine ni kiasi. Hakuna atakayewasha mota kwa gramu 200, na hata kilo moja wengi wataikunjia uso. Kilo mbili ndizo zinazokubalika kwa urahisi, na kobla itakula sehemu ya kumi tu. Kwa hiyo kabla ya kwenda, jua zilizobaki utazifanyia nini: chapati, maandazi, uji. Kwenye joto la Dar unga wenye kiini nisingeuacha kabatini zaidi ya wiki mbili au tatu, ila kwenye friza unakaa miezi. Punje ndizo zinazohifadhika, zikiwa kavu kwenye chombo kisichoingiza fukusi. Nunua ngano nyingi, saga kidogo.

Wenye blenda yenye jagi dogo la viungo wana njia fupi. Saga nusu kikombe kwa mara moja, pumzisha mota isipate moto, chekecha, rudisha chenga. Gramu 200 zinapatikana kwa robo saa na nauli ya kwenda mashineni umeiokoa. Unga wake hauwi laini kama wa mashine, lakini kobla inauvumilia. Kinu cha mkono cha kusagia karanga hutoa chenga tupu, sikishauri. Ama zile mashine ndogo za umeme za mawe, kama Mockmill ya Ujerumani, zinasaga vizuri sana. Tuseme moja inafika mkononi mwako kwa dola 300, pamoja na usafiri na ushuru, yaani kama shilingi 750,000. Ukilinganisha na shilingi 200 za kusagisha kilo, lazima usage kilo 3,750 ndipo irudishe fedha yake. Kwa anayeoka mikate ya kuuza inaweza kueleweka. Kwa kobla za msimu wa maembe, hapana.

Pana jambo moja linaloupa unga wa paketi haki yake, na sitaki lipite kimya. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani mwaka 2011, Kenya mwaka 2012. Ndani ya unga huo huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, ambayo hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Ngano ya mashineni ina chuma chake cha asili, lakini ile foliki ya kuongezwa haimo. Nyumba yenye mama mjamzito, au mwanamke anayetarajia kushika mimba, isiache unga wa kiwandani kwenye chapati za kila siku kwa sababu ya kupenda unga wa kusagwa. Kobla ya Jumapili haibadilishi kitu. Mlo wa kila siku unabadilisha.

Sasa matunda, ambako ndiko pesa ilipo. Unahitaji kilo moja ya nyama ya tunda iliyokwisha kumenywa. Embe likitolewa ganda na kokwa linabaki na theluthi mbili au pungufu, kwa hiyo nunua kilo moja na nusu na ushee. Maembe dodo manne au matano mazuri, ya kupanga mezani, ni shilingi 5,000. Lakini jioni, wachuuzi wakitaka kufunga, fungu la maembe yenye madoa na michubuko linapatikana kwa nusu ya hapo, na kwa kobla hayo ndiyo bora: yameiva mpaka ndani, unakata sehemu mbaya, yaliyobaki yanahitaji sukari kidogo tu. Embe lenye nyuzinyuzi liache kwa juisi. Ukikuta mapichi au plamu za Lushoto usizipite. Bei yake kwa kilo ni kubwa, ila kokwa ni dogo na ganda halimenywi, hivyo unachonunua karibu chote kinaingia chomboni, na uchachu wake unapatana na unga wa kusagwa kuliko hata embe. Nanasi lina maji mno. Ongeza kijiko cha wanga wa muhogo.

Mafuta ni uamuzi wa mfuko na ulimi. Gramu 100 za siagi halisi ni shilingi 2,800 hivi, majarini 1,200. Mimi nikikosa hela ya siagi siendi kwenye majarini, nakuna nazi. Tui zito la nazi moja ya shilingi 1,200 linashika nafasi ya mafuta na maziwa kwa pamoja, na kwa embe halina mpinzani. Kwa mapichi, siagi.

Kuhusu moto, oveni ya umeme ya kilowati mbili, pamoja na kuipasha, itakula uniti moja na kidogo, shilingi 400 na ushee kwa mtumiaji wa kawaida. Mkaa wa kuweka chini na juu ya sufuria hauwi chini ya 1,000, ingawa aliyezoea mkate wa kumimina atafika bila shida: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko.

Kinyunya: gramu 200 za unga, vijiko vidogo viwili vya beking pauda, chumvi, iliki, sukari gramu 50, mafuta yako, na maziwa au mtindi wa kutosha kudondoka kizito. Pima unga kwa mizani, maana uliosagwa karibuni hujaa hewa na kikombe kitakudanganya. Unga wenye pumba hunywa maji polepole, kwa hiyo changanya kila kitu isipokuwa beking pauda, acha dakika 20, halafu itie mwishoni na ukoroge mara chache tu. Dondosha juu ya matunda yaliyokwisha kupata moto, acha nafasi mvuke utoke, oka nyuzi 190 kwa dakika 40 hadi 45. Chomeka kijiti katikati ya kinyunya, si kwenye matunda. Kikitoka kikavu, epua. Isubiri nusu saa kabla ya kupakua, maji ya embe yashikane.