Ukingoja pikapu ya dizeli, fungua daftari mapema

Waswahili husema subira yavuta heri. Lakini subira ya mtu aliyekwisha kutoa arubuni ya pikapu mpya ina gharama zake. Jamaa yetu mmoja wa Mombasa, anayefanya biashara Macalder katika kaunti ya Migori, yumo katika subira hiyo. Huchukua dagaa, ambao kule huitwa omena, kutoka ufuo wa Karungu, na hupeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia kwenye maduka yaliyo karibu na machimbo ya dhahabu. Kwa sasa kila safari hukodi gari la watu. Kijitabu cha gari kimemwambia pikapu yake itatumia lita 8 kwa kila kilomita 100, na kwa hesabu hiyo amekwisha kuwaahidi wateja bei ya kubeba mizigo. Anauliza: je, hesabu hiyo itasimama?

Jibu ni kwamba haitasimama, na ni heri alijue hilo kabla gari halijafika.

Tuanze na kungoja kwenyewe. Pikapu nyingi mpya zinazouzwa Kenya ama huja zikiwa nzima kwa meli hadi bandari yetu ya Mombasa, ama huja vipande vipande ndani ya makontena zikaunganishwa hapa nchini. Isuzu D-Max, kwa mfano, huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, kampuni iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi 2017. Likikwama jambo popote njiani, mnunuzi ndiye anayengoja. Aprili 2022 mafuriko ya Durban yalisimamisha kwa miezi kiwanda cha Toyota kinachounda Hilux huko Afrika Kusini.

Hatari ya pili ya kungoja ni bei. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilipita 160, kisha mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 129. Kwa hivyo karatasi ya arubuni iseme mambo matatu: bei ni ya shilingi na haibadiliki, gari litafika lini, na likichelewa pesa zitarudishwa vipi. Neno la mdomo halitoshi hapa.

Sasa tuje kwenye mafuta. Lita 8 kwa kilomita 100 ni sawa na kilomita 12 na nusu kwa lita. Chukua 100 ugawe kwa nambari ya kijitabu. Nambari hiyo hupatikana kwa kipimo maalumu, gari likiwa jepesi na likiendeshwa kwa utaratibu uliopangwa. Kipimo hicho hakijui tani moja ya unga, wala barabara ya changarawe, wala matope ya msimu wa mvua yanayomlazimu dereva kutambaa na gia ya kwanza na ya pili. Mzigo, mwendo wa kusimama na kuondoka, na magurudumu yaliyopungua upepo, vyote hula dizeli.

Hata hivyo dizeli ina sifa yake. Lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi kuliko lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake huwasha mafuta kwa kuigandamiza hewa mpaka ikapata moto mkali, bila plagi ya cheche. Ndiyo sababu huvuta mzigo mzito bila kulia sana. Tuseme gari dogo la petroli linakwenda kilomita 11 kwa lita lakini linabeba kilo 500, na pikapu inakwenda 9 na kubeba kilo 1,000. Kwa safari ya kilomita 90, pikapu itakula lita 10 kupeleka tani moja. Gari dogo litakwenda mara mbili na kula zaidi ya lita 16, bado hatujahesabu kurudi. Kwa mfanyabiashara, kipimo cha kweli ni lita ngapi zimefikisha kilo ngapi.

Lakini tofauti ya 12 na nusu na 9 si ndogo. Akitembea kilomita 2,000 kwa mwezi, kijitabu kinamwambia atanunua lita 160. Barabara itamwambia 222. Tukichukulia lita ni shilingi 170, pengo ni kama shilingi 10,500 kila mwezi, zaidi ya 126,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida aliyokwisha kuwagawia wateja bila kujua.

Bei yenyewe pia haifanani na ya kwetu. EPRA hutangaza bei ya kikomo ya kila mji tarehe 14 ya kila mwezi. Sisi wa Mombasa tuko karibu na meli, kwa hivyo hulipa kidogo kuliko walio mbali. Mafuta ya upande wa Migori husafiri kwa bomba hadi Kisumu, kisha kwa malori, na kila hatua huongeza gharama.

Tahadhari nyingine ni dizeli ya mitungi ya kando ya njia. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia kuchanganywa na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli ifanyavyo, na injini za kisasa hazisamehe. Anunue kwenye kituo kinachotoa risiti.

Likifika gari, inshallah, apime hivi. Ajaze tangi mpaka juu, arudishe mita ya safari kwenye sifuri, afanye kazi zake za kawaida, kisha ajaze tena mpaka juu kwenye kituo kilekile. Kilomita alizotembea azigawe kwa lita zilizoingia. Kama ni kilomita 414 na lita 46, basi gari linakwenda 9. Afanye hivyo kwa matangi matatu, akiandika pia uzito wa mzigo, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Na wateja je? Awaambie leo kwamba bei aliyotaja ni ya muda, na itapangwa baada ya matangi hayo matatu. Mteja huvumilia bei iliyochelewa kuliko bei iliyopandishwa baada ya ahadi.