Fanicha ya zamani: usibadilishe bawaba kabla hujasoma hii

Leo ni zamu ya wale wanaouza fanicha za zamani: kabati la mninga lililokuwa la bibi, meza ya mkongo, sanduku la nguo lenye urembo wa shaba. Mzigo huu una faida nzuri, ila ukikosea kwenye bawaba na vitasa, unakurudia.

Chukua mfano wa muuzaji aliyepo Ruaha Mbuyuni. Pale bondeni chini ya Kitonga kuna joto kali na hewa kavu. Kabati likitoka Mafinga kwenye baridi na ukungu, likishuka Mbuyuni mbao zinakauka na kusinyaa. Fundi anafunga bawaba mpya, mlango unakaa vizuri kabisa. Unapiga picha, mteja wa Dar analipa. Likifika Dar kwenye unyevu wa bahari, mbao zinatanuka, mlango unagoma. Mteja anasema umemuuzia kimeo, na nauli ya kurudisha mzigo ni juu yako.

Fanya hivi:

1. Liache litulie kwanza.
Liweke ndani wiki mbili au tatu kabla ya kuranda au kufunga chochote. Usilianike juani, litapasuka. Kama linaenda Pwani, acha nafasi ya kama milimita 2 kati ya mlango na fremu. Mbao hutanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana. Kwa hiyo ubao wa mbele wa droo nao upewe nafasi juu.

2. Usitupe vyuma vya zamani.
Weka sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma, hata kama juu kinang'aa njano. Isiponasa na rangi ni ya njano, huenda ni shaba halisi, na hiyo ndiyo inapandisha bei. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikaushe. Usiipige msasa. Wanaopenda vitu vya kale wanautaka ule uzee wake.

3. Ukibadilisha, pima kabla hujaenda dukani.
Pima urefu wa bawaba, upana wake ikiwa imefunguliwa, unene wa bati lake, na umbali kati ya matundu ya skrubu. Bora zaidi, nenda nayo mkononi. Bawaba nene kuliko nafasi iliyochongwa itausukuma mlango nje.

4. Tundu lililolegea lizibe, usiweke skrubu nene.
Skrubu nene inapasua ubao. Chonga kijiti cha mbao ngumu, pakaa gundi ya mbao, kigongee ndani, acha siku nzima. Kisha toboa tundu jembamba kuliko skrubu.

5. Skrubu ya shaba ni laini, hukatika kichwa.
Tanguliza skrubu ya chuma ya saizi ileile, itoe, halafu weka ya shaba ukiwa umeipaka sabuni ya kipande au nta ya mshumaa. Na kumbuka: skrubu za nyota zilipata hataza Marekani mwaka 1936. Ukiziweka kwenye kabati unalosema ni la zamani zaidi ya hapo, mteja anayejua atakushtukia. Tumia za mfereji mmoja.

6. Msasa kwa akili.
Fuata mkondo wa mbao. Anza na namba 120, malizia na 240. Kabla ya hapo, jaribu spiriti kwenye kona iliyojificha: ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, inaweza kurekebishwa bila kukwanguliwa yote. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo isugue ikiwa mbichi kwa maji, na watoto wakae mbali.

7. Kagua wadudu.
Ukiona vitundu na unga mpya chini, usiuze bado. Tibu kwanza kwa dawa ya mbao. Usihifadhi kabati stoo moja na mahindi pia, maana dumuzi anayeyala anaweza kutoboa hata mbao.

8. Sema ukweli kwenye tangazo.
Andika hivi: "Kabati la mninga, mwili wa zamani. Bawaba 4 mpya, kitasa cha zamani kinafanya kazi, ubao wa nyuma umebadilishwa." Piga picha ya bawaba kwa karibu, na video fupi ukifungua na kufunga mlango. Itume kabla mteja hajalipa, na rudia video siku ya kupakia. Likipata shida njiani, ushahidi unao.

Mwisho, bei. Jumlisha ya kununulia, nauli, vyuma, vanishi, fundi, na zile wiki tatu ambazo hela yako imelala ndani ya kabati. Wengi wanasahau hiyo ya mwisho, halafu wanashangaa biashara haikui.

Mtumie mwenzako anayeuza fanicha, atakushukuru.