Mguu Umesingiziwa: Kesi ya Mlima Kinder Scout

Kinder Scout una mita 636 tu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko juu kuliko kilele hicho, na mkazi wa Nairobi hulala kila usiku zaidi ya mita 1,000 juu yake. Kwa macho ya aliyezoea Kilimanjaro au Meru, hiki ni kilima cha kupanda asubuhi na kurudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Lakini kiko nyuzi 53 kaskazini mwa ikweta, upande wa kusini wa safu ya Pennine ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kaskazini mwa Uingereza, na upepo wa Atlantiki hukifikia ukiwa bado na mvua yake. Juu kuna uwanda mpana usio na miti, uliozungukwa na kingo za miamba ya mchanga mgumu, wenye mboji nyeusi iliyochanwachanwa na makorongo na vichaka vya kufika magotini ambavyo Agosti huchanua maua ya zambarau. Vichaka hivyo ni vya ukoo mmoja na erika zinazoota Kilimanjaro ukishatoka msituni. Maporomoko ya Kinder Downfall yana kimo cha mita 30 hivi, na upepo wa magharibi ukikaza, maji yake hurushwa juu badala ya kuanguka, yakaonekana kwa mbali kama moshi wa jikoni. Ni mambo kama hayo yanayowatoa watu wa Manchester na Sheffield, miji miwili iliyoko kila upande wa mlima, kwenda kutembea huko. Na kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakiambiwa kwamba kwenda kwao kunauharibu mlima.

Shutuma hiyo ndiyo ninayotaka kuipima, kwa sababu ina historia ndefu na imevaa mavazi mengi. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya nyanda za juu za Pennine ilikuwa mikononi mwa wamiliki wachache waliozitumia kuwindia kwale mwekundu, ndege anayetaga ardhini kwenye vichaka vile, huku mabonde yakijengwa mabwawa ya kunywesha miji. Mtembeaji aliambiwa kwamba anawatimua ndege na kuchafua maji. James Bryce alipeleka bungeni mwaka 1884 muswada wa kufungua milima kwa umma ukashindwa, na mingine ya baadaye ikapata taabu hiyohiyo. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana mia kadhaa, wengi wao wafanyakazi wa mijini, walipanda Kinder Scout kutoka kijiji cha Hayfield kwa makusudi, wakijua hawana ruhusa, wakakabiliana na walinzi wa mawindo. Kuingia ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai, hivyo mashtaka yakawa ya fujo na shambulio. Vijana watano walifungwa, vifungo vya kati ya miezi miwili na sita. Mmoja wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20 na alipewa miezi minne. Adhabu hiyo iliwaudhi hata watembeaji waliokuwa wameupinga mpango wenyewe. Miaka 70 baadaye, mwaka 2002, Duke wa Devonshire, mjukuu wa mmiliki wa zamani, aliomba radhi hadharani. Kisiasa kesi ikawa imekwisha. Swali la kisayansi, yaani kama kweli mguu ndio ulioumiza mlima, halijibiwi kwa radhi.

Mboji ndiyo shahidi mkuu. Hii ni mimea iliyokufa ikashindwa kuoza kwa sababu imelala majini pasipo hewa ya kutosha, ikarundikana tabaka juu ya tabaka kwa mwendo wa takribani milimita moja kwa mwaka. Kina cha mita mbili, basi, ni kazi ya miaka kama 2,000. Mfanyaji wa kazi hiyo ni kimea kidogo laini kiitwacho sfagnamu. Hakina mizizi, hunywa mvua moja kwa moja kwa majani yake, na seli zake tupu huhifadhi maji yanayoweza kufikia mara 20 ya uzito wake mkavu. Ukichukua konzi moja na kuikamua, maji hutiririka hadi kwenye kiwiko kana kwamba umekamua nguo iliyotoka beseni, kisha kimea chenyewe hubaki mkononi kama kitambaa chepesi cha rangi ya kijani iliyopauka. Sfagnamu ikiwa hai, mlima hubaki sponji. Ikifa, mboji hukauka, hupasuka, halafu mvua huichukua.

Na katika eneo hili sfagnamu ilikufa karibu yote. Haikuuawa na viatu. Mimea inayokunywa mvua bila kichujio cha udongo haiwezi kukwepa kilichomo katika mvua, na mvua ya Pennine ya kusini ilipita kwanza juu ya mabomba ya moshi ya viwanda vya pamba na majiko ya makaa ya mawe ya miji mizima. Moshi ulileta salfa. Salfa ikaichachua mboji hadi ikakaribia ukali wa maji ya limau. Ukichimba kipande cha mboji na kukitazama tabaka kwa tabaka, masizi ya enzi za viwanda huonekana, na juu ya masizi hayo sfagnamu hupungua au hutoweka. (Manchester, tukumbushane, ilikuwa miongoni mwa miji iliyochapa kanga zilizouzwa pwani ya Afrika Mashariki, hivyo sehemu fulani ya masizi hayo inatuhusu hata sisi.) Moshi haukufanya kazi peke yake. Kulikuwa na kondoo wengi kupita kiasi, waliokula kila chipukizi, na mioto iliyoingia hadi ndani ya mboji. Lakini, ukiacha moto, ambao nitaurudia, hakuna hata kimoja kati ya visababishi hivi vikuu kilicholetwa na mtu aliyekuja kutembea Jumapili. Tena wale vijana wa 1932 walikuwa wakiukimbia moshi uleule uliokuwa ukiua sfagnamu.

Mtu makini atasema kwamba mpangilio wa matukio si ushahidi wa sababu: pengine moshi ulianza na miguu ikamalizia. Hoja hiyo ni ya haki, na bahati nzuri mlima wenyewe umefanya jaribio. Mwaka 1982 shirika la National Trust lilinunua Kinder, likapunguza kondoo kwa kiasi kikubwa. Watembeaji hawakupunguzwa. Katika miaka iliyofuata, watafiti waliopima maeneo yaliyokuwa mboji tupu walikuta nyasi na mimea mingine ikirudi. Ukiondoa kitu kimoja na kuacha kingine, na mgonjwa akapata nafuu, unajua cha kushuku. Baadaye, kuanzia mwaka 2003, ushirikiano uitwao Moors for the Future uliingia kwa nguvu zaidi: helikopta zilimwaga chokaa ili kupunguza uchachu, mbegu za nyasi zikafuata, vichaka vilivyokatwa vikatandazwa juu ya mboji tupu kama matandazo shambani, makorongo yakazibwa kwa mawe na mbao, na vishina vya sfagnamu vilivyooteshwa vikapandwa kwa mkono, kimoja kimoja. Mwaka 2009 Kinder Scout ikatangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa ya viumbe asilia. Katika muda huo wote milango ilikuwa wazi. Mlima umeanza kuwa kijani mbele ya macho ya wale waliodhaniwa kuwa adui zake.

Sisemi kwamba mguu hauna dhambi. Mboji iliyolowa haiwezi kubeba mtu. Buti huzama hadi kifundo, anayefuata hukwepa shimo na kupita pembeni, wa tatu hukwepa alama za wa pili, na baada ya miaka kadhaa njia ya mtu mmoja imekuwa barabara ya matope yenye upana wa mita nyingi. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwenye Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita zipatazo 430 inayoanzia Edale hadi Kirk Yetholm ng'ambo ya mpaka wa Uskoti. Ilizinduliwa tarehe 24 Aprili 1965, siku na mwezi uleule wa uvamizi wa Kinder, na ndani ya miongo miwili sehemu zake za mboji zilikuwa zimechakaa vibaya. Mapito rasmi ya Kinder yalilazimika kuhamishwa kutoka katikati ya uwanda yapitie ngazi za mawe za Jacob's Ladder. Mahali pengine yakaletwa mabamba makubwa ya mawe na kutandazwa juu ya mboji, yakielea kama mitumbwi iliyofungwa mmoja nyuma ya mwingine. Mengi yalitoka sakafu za viwanda vya pamba vilivyokuwa vimefungwa Lancashire. Ukiinama, bado unaona tundu za boliti zilizoshikilia mashine, na mbonyeo katikati ya bamba ambapo wafanyakazi walipita kwa vizazi. Jiwe lililochongwa milimani likabeba mashine za viwanda vilivyotoa moshi ulioua mlima, kisha likarudi mlimani kuufunika kidonda.

Mabamba hayo ndiyo yaliyonishawishi kwamba swali zima limekuwa likiulizwa vibaya. Kaskazini ya Kinder, karibu na barabara ya Snake Pass, watafiti walimchunguza ndege wa jamii ya kitwitwi mwenye madoa ya dhahabu mgongoni, anayetaga ardhini kama kwale, kabla na baada ya Pennine Way kutandazwa mawe. Kabla ya mawe, watembeaji walitawanyika huku na huko wakitafuta pakavu, na ndege wenye makinda waliepuka eneo la hadi mita 200 kutoka njiani. Baada ya mawe, zaidi ya asilimia 96 ya watembeaji walibaki juu ya njia. Ndege nao wakasogea: waliepuka mita 50 tu, tena mwishoni mwa wiki watu walipokuwa wengi. Kilichomtisha kitwitwi, kumbe, ni kutojua mtu atatokea wapi, kuliko idadi ya watu. Mtu anayepita mahali palepale kila siku anakuwa sehemu ya mandhari.

Wapo wanaolalamika kwamba mawe yanaua upori. Kwamba raha ya kutembea mlimani ni kutoongozwa. Nawaelewa, na mtu akitazama mstari wa mabamba ukinyooka hadi kwenye ukungu, hawezi kukana kwamba una sura ya kando ya barabara ya manispaa. Lakini upori wanaoulilia haukuwepo. Uwanda usio na miti, mboji tupu, hata vile vichaka vya zambarau vilivyochomwa kwa zamu ili kwale wapate chipukizi, vyote vina alama ya mkono wa binadamu. Hata sungura wa mlimani, anayegeuka mweupe wakati wa baridi na kupigwa picha kama ishara ya asili isiyoguswa, aliletwa kutoka Uskoti katika karne ya 19 ili awindwe. Anayetaka kupotea bado anaweza kuingia kati ya makorongo ya uwanda siku ya ukungu, hatakosa.

Hoja nzito zaidi ni moto. Hapa utetezi wangu unalegea. Jiko dogo la kuchomea nyama, la kutumia mara moja na kutupa, likiwekwa juu ya vichaka vikavu wakati wa kiangazi linaweza kuteketeza kazi ya miaka ishirini, na moto ulioingia kwenye mboji hufukuta chini kwa siku nyingi. Mguu hauchomi, mkono ndio unaochoma, lakini umekuja juu ya miguu ileile. Jibu lililopo ni la sehemu mbili. Mboji iliyorudishiwa maji haishiki moto kirahisi, hivyo kuziba makorongo ni kinga pia. Na haki ya kutembea si hundi iliyo wazi: sheria ya mwaka 2000 iliyowaruhusu watu kutembea nje ya njia katika nyanda za juu za Uingereza, na iliyoanza kutumika eneo la Peak, ulipo mlima huu, mwaka 2004, inakataza kuwasha moto, na inaruhusu ardhi kufungwa kwa muda pale hatari inapokuwa kubwa.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye mbwa amfunge kamba fupi katika ardhi hiyo kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai. Ndiyo miezi ambayo kitwitwi hulalia mayai na kulea makinda, na ndiyo miezi ambayo watu wa mjini, wakishachoka na baridi, huanza kumiminika. Mtu akisimama juu ya bamba wakati huo atasikia mluzi wake mmoja, mwembamba, wenye huzuni kidogo, ukitoka kwenye nyasi. Mara nyingi hamwoni. Ndege yuko hapo, mita 50 hivi, ameshajua mpitaji anaelekea wapi.